Mshahara wa kwanza baada ya chuo: namna ya kuupangia bajeti kwa tarehe

Barua ya ajira ina namba moja ambayo mhitimu huisoma mara nyingi kuliko maneno mengine yote, na namba hiyo ndiyo isiyofaa kabisa kupangia bajeti. Ni mshahara ghafi, yaani kabla ya kodi ya mapato, mchango wa hifadhi ya jamii, bima na makato mengine ambayo mwajiri huyaondoa kabla fedha hazijafika benki. Nilipopata kazi yangu ya kwanza nilikubaliana na mwenye nyumba kwa kuitazama namba hiyo, nikajiona mwangalifu kwa sababu pango lilikuwa chini kidogo ya theluthi ya mshahara. Hati ya mshahara ilipotoka, theluthi ile ilikuwa imegeuka karibu asilimia 45 ya fedha zilizoingia mkononi, na mkataba wa mwaka mzima nilikuwa nimekwisha kuutia saini.

Kwa hiyo kabla ya kuahidi malipo yoyote ya kila mwezi, iombe ofisi ya utumishi ikupigie hesabu ya makato yako. Usimwulize mwenzako anayelipwa mara mbili yako ukagawanya jibu lake kwa mbili. Katika nchi nyingi kodi ya mapato hutozwa kwa ngazi: sehemu ya kwanza ya mshahara hutozwa kiwango kidogo au haitozwi kabisa, na kiwango cha juu hugusa tu kile kinachozidi mpaka wa ngazi, hivyo uwiano wake wa makato si wako. Uliza pia ni makato yapi yanayotakiwa na sheria na yapi ya hiari. Haya ya pili unaweza kuyaanzisha, kuyapunguza au kuyasimamisha, ingawa lipo moja ambalo ningekushauri ulianze mapema: ikiwa mwajiri anakubali kuongeza kiasi kilekile unachochangia wewe kwenye mfuko wa pensheni, basi kila 10 unayoweka huwa 20 siku hiyohiyo, na hakuna akaunti ya akiba itakayokupa faida ya namna hiyo.

Mwezi wa kwanza una hila yake. Aliyeanza kazi katikati ya mwezi hulipwa siku alizofanya kazi tu, na mara nyingi ofisi hufunga orodha ya malipo siku kadhaa kabla ya tarehe ya mshahara. Ukiripoti tarehe 18 na orodha ilifungwa tarehe 15, huenda ukasubiri hadi mwisho wa mwezi unaofuata, yaani takribani wiki sita za nauli na chakula bila malipo yoyote. Uliza tarehe hizo siku unayopewa barua. Kama utalazimika kukopa ili kuvuka kipindi hicho, kopa kiasi cha nauli na chakula peke yake. Samani na nguo za kazi za kubadilisha kila siku zinaweza kusubiri.

Bajeti ni kalenda

Wengi huanza bajeti kwa kuandika orodha ya matumizi na kujumlisha. Orodha ina kasoro moja kubwa: haisemi fedha zinatoka lini. Mshahara huingia mara moja kwa mwezi, lakini matumizi yana mwendo wa aina tatu: yapo ya kila siku, yapo ya kila mwezi, na yapo yanayokuja mara moja kwa mwaka na kumkuta mtu amesahau. Anayeishiwa fedha tarehe 20 mara nyingi si mfujaji, bali ameyachanganya matumizi ya mienendo hiyo mitatu katika akaunti moja, akatazama salio la tarehe 3 na kuamini kwamba lote ni lake.

Tuchukue mfano wa mshahara ghafi wa 1,000, katika fedha yoyote unayolipwa, ambao baada ya makato unabaki 780. Andika kwanza malipo ya kila mwezi pamoja na tarehe zake. Tuseme pango ni 230, marejesho ya mkopo wa masomo 60, nauli 70, umeme, maji na intaneti 50, na msaada kwa wazazi na ndugu 60. Ongeza akiba 80 na fungu la matumizi ya mwaka 30, mafungu ambayo nitayaeleza hapa chini. Jumla ni 580, na yote yanayowezekana yaondoke katika akaunti ndani ya siku mbili za kwanza baada ya mshahara kuingia. Benki nyingi zinaweza kupewa agizo la kudumu la kuhamisha fedha tarehe hiyo bila wewe kukumbuka. Zilizobaki ni 200, na hizo ndizo fedha zako za chakula, sabuni, mavazi, simu na starehe kwa mwezi mzima.

Hapo ndipo kuna kosa dogo linalowakamata wengi. Mtu huigawa 200 kwa wiki nne na kupata 50 kwa wiki. Mwezi wa siku 31, hata hivyo, una wiki nne na siku tatu, na siku hizo tatu za mwisho ndizo zinazompeleka kwa rafiki kuomba mkopo mdogo, ambao hulipwa kwa mshahara unaofuata, ambao kwa hiyo huanza ukiwa na upungufu. Gawanya kwa tano. Utatumia 40 kwa wiki, na wiki ya tano, iliyo fupi, itakuwa na nafasi kidogo. Kuzihamisha hizo 40 kila Jumatatu kwenda kwenye akaunti ya pili, au kwenye pochi ya simu unayolipia matumizi ya kila siku, kunasaidia kuliko azma yoyote, kwa sababu salio unaloliona ndilo kweli unaloruhusiwa kutumia.

Fungu la mwaka hupatikana kwa kukaa chini na kalenda ya miezi 12. Bima inayolipwa mara moja, tuseme 120. Ada ya leseni au uanachama wa taaluma yako 60. Viatu na nguo za kazi 90. Na 90 nyingine kwa ajili ya simu au kompyuta ambayo siku moja itakufa, nayo haitachagua mwezi mzuri. Jumla ni 360, ukigawa kwa 12 unapata 30. Matumizi haya si dharura, kwa sababu unajua yanakuja, na kuyalipia kwa akiba ya dharura ni kujinyima kinga bila sababu.

Pango ndilo linaloamua mengine

Ushauri mwingi kwa vijana huhangaika na vitu vidogo, kinywaji cha asubuhi au tiketi ya sinema, na sioni kama unawatendea haki. Mtu aliyechagua nyumba inayozidi uwezo wake kwa 60 kila mwezi hawezi kuirudisha pengo hiyo kwa kujinyima soda. Vitu vidogo unaweza kuvibadilisha kesho; pango hubadilika mkataba unapokwisha. Jikune unapofikia, na ufikie kwa kupima mshahara wa mkononi: katika mfano wetu, 230 kati ya 780 ni karibu asilimia 29 na nusu, kiwango ambacho bado kinaacha nafasi ya kuvuta pumzi.

Usilipime pango bila nauli, kwa kuwa hivyo viwili huuzwa pamoja. Chumba cha 180 kilicho mbali, kinachokulazimisha kutumia 140 kwa nauli, kinakugharimu 320, ilhali kile cha 230 chenye nauli ya 70 kinakugharimu 300. Ongeza muda: dakika 50 za ziada kila safari, mara mbili kwa siku, kwa siku 22 za kazi, ni zaidi ya saa 36 kwa mwezi. Kuna anayeona saa hizo si kitu kwa sababu atasoma njiani. Huenda; mimi nililala. Kumbuka vilevile kwamba kuingia katika nyumba kunadai fedha za mkupuo, yaani dhamana na mara nyingi pango la miezi ya mbele, na kwamba kuishi na mwenzako kwa mwaka wa kwanza, hata kama unatamani faragha, ndiyo njia ya haraka zaidi ya kupata mkupuo huo bila kukopa.

Akiba, mkopo na ndugu

Akiba itolewe kwanza, kabla ya matumizi ya wiki, kwa sababu kinachosubiri kubaki mwisho wa mwezi hakibaki. Shabaha ya mwanzo ni gharama za lazima za mwezi mmoja. Katika mfano wetu, pango, mkopo wa masomo, nauli, huduma za nyumba na chakula cha takribani 140 hufanya 550, kiasi ambacho akiba ya 80 kwa mwezi hukifikia kwa karibu miezi 7. Baada ya hapo nyoosha shabaha hadi miezi mitatu, na polepole hadi sita. Mfanyakazi mpya ana sababu ya pekee ya kuharakisha: katika kipindi cha majaribio mwajiri anaweza kumwachisha kwa taarifa fupi kuliko mfanyakazi wa kudumu.

Mara tu mshahara unapoanza kupita benki, matangazo ya mikopo nayo huanza kuja. Jifunze kuuliza swali moja: riba inapigwa juu ya nini? Chukua mkopo wa 1,200 kwa miezi 12 kwa riba ya asilimia 12. Ikiwa riba inahesabiwa juu ya salio linalopungua, utalipa takribani 107 kwa mwezi na riba yote itakuwa kama 79. Ikiwa inahesabiwa juu ya kiasi cha awali hadi mwisho, utalipa 112 kwa mwezi na riba itakuwa 144, kwa sababu mwezi wa kumi na moja bado unatozwa riba ya fedha ulizokwisha kuzirudisha. Tangazo husema asilimia 12 katika hali zote mbili, ingawa gharama halisi ya mkopo wa pili kwa mwaka inazidi kidogo asilimia 21. Mikopo midogo ya simu ni mikali zaidi: ada ya asilimia 10 kwa siku 30, ikirudiwa mwaka mzima, ni asilimia 120 hata kabla ya kuhesabu riba juu ya riba.

Kuhusu ndugu, nimeona bajeti nyingi zikilichukulia jambo hili kama udhaifu wa tabia, na nadhani zinakosea. Mhitimu mara nyingi amesomeshwa na watu, na kuwasaidia ni matumizi halali kama pango. Kinachovunja bajeti ni msaada usio na kiwango wala tarehe, unaotolewa kwa kila simu inayopigwa. Weka kiasi, kitume siku ya mshahara kabla hujaombwa, na waambie mapema kwamba hicho ndicho unachoweza kwa sasa. Ombi kubwa litakalokuja katikati ya mwezi likutane na jibu la kweli: "Za mwezi huu nimekwisha kuzituma, tuone mwezi ujao nitaongeza kiasi gani." Kuzungumza hivyo na baba au shangazi ni kugumu mara ya kwanza tu.

Utakutana pia na kanuni ya 50-30-20, iliyoenezwa mwaka 2005 na Elizabeth Warren na binti yake Amelia Warren Tyagi: asilimia 50 ya mshahara wa mkononi kwa mahitaji, 30 kwa matakwa na 20 kwa akiba na madeni. Kwa 780 hiyo ni 390, 234 na 156. Ni kipimo kizuri cha kujilinganisha nacho, lakini kwa anayeanza kazi katika mji wenye pango kubwa nusu ya kwanza haitoshi, na hapo fungu la matakwa ndilo linalopaswa kupungua.

Mwezi wa tatu

Bajeti ya mwezi wa kwanza ni makisio, na ya pili ni marekebisho ya makisio. Andika kila malipo kwa miezi mitatu, katika lahajedwali au katika daftari. Mwandishi wa habari wa Japani, Hani Motoko, alichapisha daftari la hesabu za nyumbani, kakeibo, mwaka 1904, na watu bado wanajaza madaftari ya aina hiyo kwa kalamu. Kuandika kwa mkono kunachelewesha, na kucheleweshwa huko ndiko kunakomfanya mtu aone anachonunua. Mwisho wa mwezi wa tatu linganisha ulichopanga na kilichotokea, kisha ubadilishe namba za mpango pale ambapo maisha yamezikataa mara tatu mfululizo.

Angalia kwa makini mstari wa "mengineyo". Ukizidi sehemu moja ya kumi ya fedha zako za wiki, uvunje uone umebeba nini. Wangu ulikuwa umefika 27, na nilikuwa na hakika kwamba ni starehe. Nilipouvunja, 19 kati ya hizo zilikuwa ada za miamala: nilikuwa nikitoa fedha kidogo kidogo karibu kila siku, na kila mara nikikatwa ada ileile ambayo ningekatwa kwa kutoa mara tano ya kiasi hicho. Nilianza kutoa mara moja kwa wiki, kila Jumatatu, na mwezi wa nne mstari ule ulisoma 11.