Jinsi ya kuandika ripoti ya mgonjwa mwenye maradhi adimu katika hospitali ya kufundishia

Hospitali za Dodoma zinazopokea rufaa na kufundisha madaktari, ikiwamo Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, huletewa wagonjwa ambao zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya wameshindwa kubaini maradhi yao. Baadhi yao wanastahili kuandikiwa ripoti itakayosomwa na madaktari wengine, na kazi hiyo inaweza kufanywa hata na daktari aliye katika mafunzo kwa vitendo, kwa kuwa haihitaji fedha za utafiti. Kinachohitajika ni uangalifu, pamoja na jibu la swali moja linalopaswa kuulizwa kabla ya kalamu kugusa karatasi: daktari wa hospitali ya wilaya akiisoma ripoti hii, atafanya nini ambacho jana asingekifanya? Ukikosa jibu, iwasilishe habari hiyo katika kikao cha asubuhi cha idara yako na uishie hapo, hata kama ugonjwa wenyewe ni wa ajabu.

Neno adimu nalo lichunguzwe. Ugonjwa unaweza kuwa adimu katika majarida lakini ukawa wa kawaida katika wodi ambazo hakuna aliyeandika. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt alimwona katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya, na muda mfupi baadaye akamwona mwingine wa namna hiyo huko Jinja. Alirudi kwenye kumbukumbu za hospitali, akakuta watoto wengine wengi waliokuwa wameandikiwa majina tofauti ya saratani, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya saratani ambayo sasa ina jina lake. Kwa hiyo, kabla ya kudai kwamba mgonjwa wako ni wa kwanza, nenda kwenye chumba cha kumbukumbu na kwenye daftari la maabara ya patholojia, kisha utafute katika PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya muhtasari wa makala za tiba, na katika Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani na wachapishaji unaowezesha taasisi za nchi kama yetu kusoma majarida ya kulipia. Majarida ya Tanzania yapekuliwe pia, kwa sababu si yote yanayoonekana katika hifadhi za kimataifa. Dai la kuwa wa kwanza ni rahisi kulikanusha, na kwa maoni yangu ripoti nyingi zingekuwa bora bila dai hilo.

Ukigundua kwamba wagonjwa wenye dalili zile zile wanazidi kuja, hasa kutoka vijiji vinavyopakana, acha kuandika kwa ajili ya jarida na umwarifu mara moja mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Mwaka 2016 wagonjwa wenye manjano na tumbo kujaa walijitokeza Dodoma na Manyara, na chanzo kikabainika kuwa sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, katika mahindi. Katika hali ya namna hiyo, kusubiri uamuzi wa mhariri kunaweza kugharimu maisha.

Sehemu inayohitaji muda mwingi kuliko zote ni ridhaa. Saini ambayo mgonjwa aliiweka ili afanyiwe upasuaji haimpi daktari ruhusa ya kuchapisha habari zake, hivyo inatakiwa fomu nyingine, iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, na pale mgonjwa anapoelewa vizuri zaidi Kigogo, Kirangi au Kisandawe, awepo mkalimani ambaye si jirani wala ndugu mwenye jambo lake. Aambiwe kwamba matibabu yake hayatabadilika akikataa, kwamba maandishi na picha vitasomwa na watu wa nchi nyingine, na kwamba vikishaingia mtandaoni itakuwa vigumu kuviondoa. Asiyejua kuandika huweka dole gumba mbele ya shahidi. Kwa mtoto huridhia mzazi au mlezi, na kwa marehemu huombwa ndugu wa karibu, baada ya siku za msiba kupita. Omba ridhaa mgonjwa akiwa bado wodini au kliniki, maana kumtafuta mtu aliyerudi Chemba au Manyoni wakati namba yake ya simu haipatikani ni kazi inayokwamisha ripoti nyingi. Pamoja na ridhaa, upate barua ya uongozi wa hospitali na uiulize kamati ya maadili kama kibali kinahitajika. Mara nyingi mgonjwa mmoja hatazamwi kama utafiti, lakini ukianza kupekua majalada ya wagonjwa wengi, kibali ni lazima.

Kuficha jina peke yake hakutoshi. Ukiandika kwamba ni mwenyekiti wa kijiji fulani cha Bahi mwenye umri wa miaka 47, aliyelazwa tarehe fulani, umemtaja. Andika mwanaume wa makamo, mkulima kutoka Tanzania ya kati, na uhesabu siku kuanzia alipolazwa badala ya kutaja tarehe. Kuziba macho kwa mstari mweusi katika picha ni utaratibu ambao wahariri wa majarida ya tiba hawaukubali tena kuwa ni ulinzi wa kutosha. Kata picha ibaki sehemu yenye ugonjwa, na ufute jina lililoandikwa pembeni mwa eksirei.

Katika kuandika, fuata CARE, mwongozo wa kimataifa wa kuandika ripoti za wagonjwa uliotolewa mwaka 2013, unaotaka mfuatano wa matukio, vipimo, matibabu, matokeo na, inapowezekana, maelezo ya mgonjwa mwenyewe. Vipimo vilivyokosekana kwa sababu mashine iliharibika au kitendanishi kiliisha vitajwe wazi. Mjadala ufungwe kwenye somo moja. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mfugaji amekuja na uvimbe wa ini uliodhaniwa kuwa jipu, kumbe ni kifuko cha maji kinacholetwa na tegu wa mbwa. Somo si kwamba tegu huyo yupo, bali ni kwamba kuuchoma uvimbe huo kwa sindano bila tahadhari kunaweza kuleta mzio wa kuua na kusambaza viluwiluwi tumboni, kwa hiyo mfugaji anayeishi na mbwa apigwe picha ya mawimbi ya sauti na picha hiyo isomwe kwa makini kabla ya sindano kuguswa. Usidai kwamba dawa fulani inaponya kwa sababu ilimponya mtu mmoja.

Waandishi wawe wale walioifanya kazi na walio tayari kuitetea. Mkuu wa idara ambaye hakushiriki atajwe kwenye shukrani. Jarida linalokuandikia barua pepe ya sifa na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu liepukwe, kwa kuwa linatafuta ada yako. Ripoti ikishatoka, tuma nakala katika kituo kilichotoa rufaa, ikiambatana na barua fupi ya Kiswahili inayoeleza dalili zipi zilipaswa kumfanya mgonjwa apelekwe mapema zaidi.