Kuuza bidhaa za mkonge kwenye banda la maonesho Tanga, hatua kwa hatua

Mwongozo huu umetokana na kazi ya kukisaidia kikundi cha akina mama wasusi wa Muheza kuandaa banda lao la kwanza katika maonesho ya biashara kwenye viwanja vya Mwahako, jijini Tanga. Kusuka wanakujua kuliko mimi. Walichokosa ni utaratibu wa kuuza mbele ya umati. Masuala ya kuomba nafasi na kulipia banda sitayagusa, kwa kuwa kila mwandaaji ana fomu na masharti yake.

Hatua ya 1: Kuchagua na kufungasha

Beba aina chache zenye idadi ya kutosha, badala ya aina nyingi zenye kipande kimoja kimoja. Vikapu vya saizi tatu, mazulia ya mlangoni na vitu vidogo vya kuwekea vikombe vya moto vinatosha kujaza banda la kawaida. Vilivyotiwa rangi vijaribiwe kwanza kwa kuvisugua na kitambaa cheupe chenye unyevu. Kitambaa kikitoka na wekundu, kikapu hicho kibaki nyumbani, kwani kitachafua kanzu ya mteja na jina lako pamoja nayo.

Mkonge hunyonya unyevu, na maonesho yakiangukia mwishoni mwa masika, mzigo uliofungwa ndani ya nailoni huota ukungu. Anika kila kitu juani, kisha fungasha kwenye maboksi au magunia yanayopitisha hewa. Kwa ajili ya wateja, andaa mifuko ya karatasi au ile mbadala ya kitambaa, maana mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

Hatua ya 2: Bei

Andika bei kwenye kila bidhaa, na kila bei igawanyike kwa 1,000 bila kubaki. Bei ya 12,500 inaonekana ya kitaalamu, lakini itakufanya uhangaikie sarafu mchana kutwa. Mteja wa hapa atakuuliza bei ya mwisho hata kama umeibandika, kwa hiyo kubalianeni mapema mnapoishia. Mimi hupendelea kupunguza kwa anayechukua viwili au zaidi, kwa sababu ukimshushia wa kimoja, aliyesimama nyuma yake ameshasikia.

Hatua ya 3: Kupanga banda

Vizito chini, vyepesi juu, na meza ikae pembeni ili mteja aingie. Mwishoni mwa masika upepo wa kusi huvuma kwa nguvu. Bango lifungwe kamba pande zote nne, na vikapu vya kuning'iniza viwe upande uliokingwa. Weka pia kibao kifupi cha historia, kwa sababu wageni huuliza sana: mkonge uliletwa nchini na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, mwaka 1893, na kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Anayesoma kibao husimama, na aliyesimama hushika bidhaa.

Hatua ya 4: Kupokea malipo

Hatua hii ndiyo inayokula saa nyingi isipoandaliwa, nami nitaieleza kwa kirefu.

Tumia Lipa Namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya simu ya biashara, iliyosajiliwa kwa jina la biashara au la kikundi, wala usipokee kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Pesa ya kikundi ikiingia kwenye simu ya mwanakikundi mmoja huchanganyika na pesa yake ya nyumbani, na zaidi ya hapo, mtumaji anaweza kuomba muamala urudishwe akidai kwamba alikosea namba. Kwa Lipa Namba, jina la biashara hujitokeza kabla mteja hajathibitisha. Mwombe alisome kwa sauti, na hilo pekee litaondoa malipo mengi yanayopotea njia. Chapisha namba hiyo kwa tarakimu kubwa na uibandike sehemu mbili, moja ikiwa juu ya usawa wa kichwa, ili wa nyuma aanze kulipa kabla hajafika mezani.

Laini inayopokea ujumbe wa malipo iwekwe kwenye simu ndogo ya batani, ile ya kitochi, ambayo haifanyi kazi nyingine yoyote. Simu kubwa huishiwa chaji kabla ya alasiri, na mwenye nayo huondoka nayo anapokwenda kuswali au kula, huku wateja wakibaki wanasubiri ujumbe ulioko mfukoni mwake.

Usitoe bidhaa kwa kuoneshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Ujumbe wa uongo huandikwa ukafanana kabisa na wa kweli, na hata ukifika kwenye simu yako, hakikisha umetoka kwa jina la mtandao na si kwa namba ya kawaida. Mazungumzo huwa hivi:

"Dada, nimeshatuma, angalia hapa."

"Ahsante kaka, haujaingia kwangu bado. Kaa kwenye kivuli hapa, nauangalia."

Semeni hivyo kwa upole na kwa kila mtu, hata mzee wa heshima, kwa sababu mkianza kuchagua wa kumwamini, tapeli naye atakuja amevaa vizuri.

Mgeni rasmi anapowasili, uwanja hujaa na mtandao huzidiwa. Ujumbe huchelewa, na mteja anaweza kukatwa pesa nanyi msipate taarifa. Usimwambie alipe tena. Andika jina lake, kiasi, saa na tarakimu nne za mwisho za kumbukumbu ya muamala wake, utenge bidhaa yake ikiwa na karatasi hiyo, kisha uangalie salio la Lipa Namba mtandao ukitulia. Kuwa na namba ya mtandao wa pili husaidia, ila namba tatu au nne ni vurugu tu wakati wa hesabu.

Pesa taslimu bado inahitajika. Wengi huja na noti za 10,000, hivyo anza siku na noti za kutosha za 1,000, 2,000 na 5,000 kwenye mkoba wa kiunoni. Sanduku la pesa juu ya meza silikubali hata kidogo.

Hatua ya 5: Hesabu ya jioni

Hesabu bidhaa asubuhi na jioni. Zilizoanza ukitoa zilizobaki na zilizotengwa ndizo zilizouzwa, na thamani yake ilingane na taslimu, baada ya kutoa chenji ya kuanzia, ukijumlisha malipo ya simu ya siku hiyo. Tumia daftari la mistari. Programu za simu ni nzuri dukani, si kwenye vumbi la Mwahako mikono ikiwa imejaa vikapu.

Hatua ya 6: Oda

Anayeagiza rangi au saizi ambayo hamna alipe nusu papo hapo, apewe stakabadhi yenye tarehe ya kukabidhiwa. Mzigo wa mbali utumwe kwa basi, jina na simu ya mpokeaji zikiandikwa kwa kalamu ya wino mzito pande mbili za boksi, kisha mteja atumiwe picha ya risiti ya kifurushi kabla basi halijaondoka stendi.