Rangi uani masika yakiisha: maua ya kupanda Juni na namna ya kuyachanuza

Katika mwambao wa Tanzania mvua za masika hupungua mwishoni mwa Mei, upepo wa kusi hushika, na kwa wiki chache udongo huwa bado una unyevu chini ilhali juu umeanza kukauka. Huo ndio wakati wa kupanda maua. Ukipanda Aprili, mvua inasomba mbegu, miche inaoza shingoni, na konokono wanamaliza kilichobaki kwa usiku mmoja. Ukingoja Septemba, jua limeshakaza. Mche ulioingia ardhini nusu ya kwanza ya Juni unapata miezi miwili mitatu ya kipupwe ya kuteremsha mizizi kabla joto halijarudi.

Maua mengi yanayopendeza pwani huchanua kwa jua, kwa kiu ya kiasi, na kwa mkasi. Mbolea inakuja nyuma kabisa, na ikizidi inaleta majani tu.

Angalia jua kwanza

Kabla ya kununua mche hata mmoja, chukua siku moja ya kupima jua. Saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa kumi alasiri, chomeka vijiti pale kivuli kinapoishia. Sehemu inayopata jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku ndiyo ya bogenvilia, zinia na portulaka. Inayopata jua kwa muda wa saa 3 hadi 4 inafaa vinka na krotoni. Chini ya hapo, panda majani ya rangi badala ya maua.

Kuna jambo moja linalowaponyoka wengi. Mwezi Juni jua la mchana Dar es Salaam huinama kama nyuzi 30 kuelekea kaskazini, kwa hiyo ukuta wa mita 2 unatupa kivuli cha zaidi kidogo ya mita 1 upande wake wa kusini. Desemba mambo yanageuka: jua liko kusini, na kivuli kifupi cha kama sentimita 60 kinaangukia kaskazini. Tuta lililobanwa upande wa kusini wa ukuta litadumaa Juni hata ukilimwagilia vipi. Lisogeze mita 1 na nusu kutoka ukutani, au anza na upande wa kaskazini na uuache ule wa kusini hadi vuli.

Udongo wa pwani na maradhi yake

Nyumba nyingi za pwani zimekaa juu ya mchanga au matumbawe, na uwanjani kumefukiwa mabaki ya ujenzi: plasta, saruji iliyomwagika, vipande vya tofali. Vyote hivyo vina chokaa, na chokaa inauzuia mmea kupata madini ya chuma. Dalili yake inaonekana kwenye majani machanga: yanageuka manjano ilhali mishipa inabaki ya kijani. Iksora, kile kichaka cha vishada vya maua madogo, na asumini ndizo zinazoumia mapema. Kujua kama chokaa ipo, chukua kiganja cha udongo mkavu, weka kwenye kisahani na umwagie siki. Ukitoa povu, ipo. Palipo na chokaa nyingi usipigane nayo. Iksora ipande kwenye chungu chenye udongo uliouchanganya mwenyewe, na pale ardhini weka bogenvilia na vinka, ambazo ni vumilivu zaidi.

Lima tuta kwenda chini sentimita 30, toa kila kipande cha saruji unachokiona, kisha jaribu kama maji yanapita. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, acha yaishe, lijaze tena. Yakiwa bado yapo baada ya muda wa saa 4, inua tuta kwa sentimita 15 hadi 20 juu ya usawa wa uwanja. Vinka hasa haisamehe maji yaliyotuama: inaonekana nzima asubuhi, jioni imenyauka, na ukiing'oa mizizi imekuwa kahawia na laini.

Kwa tuta la mita 1 kwa 3, tandaza ndoo 3 za lita 20 za samadi ya ng'ombe iliyooza na uichanganye na udongo wa juu. Samadi iliyooza ni nyeusi, inavunjika mkononi na inanukia kama ardhi iliyonyeshewa. Ikikuchoma pua bado haijaiva. Itaunguza mizizi na kukuletea magugu. Mbolea ya kuku ni kali zaidi: tumia nusu ya kipimo hicho, na iwe imelala miezi 2 au 3. Kwa vyungu, changanya ndoo 3 za udongo, 2 za samadi na 1 ya mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni usiutumie, una chumvi.

Rangi ya haraka: zinia na portulaka

Zinia ndiyo njia ya mkato. Mbegu ikienda ardhini wiki ya kwanza ya Juni, maua ya kwanza yanafunguka kuanzia mwishoni mwa Julai. Ipande moja kwa moja kwenye tuta, maana haipendi kuhamishwa. Chora mfereji wa kina cha sentimita 1, weka mbegu mbili mbili kila baada ya sentimita 25 hadi 30, funika, mwagilia kwa keni yenye tundu ndogo. Huota ndani ya siku 4 hadi 7. Zikifika urefu wa kidole, acha mche mmoja kila shimo. Inauma kung'oa mche wenye afya, lakini zinia zilizobanana hazipitishi hewa, na hapo ndipo ubwiri unga unapoingia: majani yanakuwa kama yamepakwa unga wa muhogo, kuanzia yale ya chini.

Mche ukiwa na jozi 3 za majani, kata kilele chake juu tu ya jozi ya tatu. Utachelewesha ua la kwanza kwa wiki moja hivi, lakini badala ya shina moja unapata manne au sita, na kila moja linabeba ua. Kuanzia hapo kazi ni kukata. Ua likianza kufifia, fuata shina lake kwenda chini hadi jozi ya majani na ukate juu yake kidogo. Pale kwenye kwapa za majani hayo tayari kuna vichipukizi viwili vinasubiri. Ukinyofoa kichwa tu na kuacha kijiti, unabaki na vijiti vikavu. Ukiyataka maua ya kuweka mezani, shika shina sentimita 20 chini ya ua na ulitikise: likipinda shingoni bado changa, likisimama wima kata, litadumu wiki.

Portulaka, ile yenye vijani vinene kama punje za mchele, ni ya kingo na sehemu zilizojengwa pevingi, ambapo joto linatoka juu na chini. Haina haja ya mbegu. Omba vipande kwa jirani, kila kimoja sentimita 7 hadi 10, toa majani ya nusu ya chini, acha vikauke kivulini siku moja, kisha chomeka kila sentimita 15 kwenye udongo wa mchanga. Vinashika mizizi ndani ya wiki moja au mbili. Maua yake hufunguka kwenye jua na kujikunja mawingu yakitanda, kwa hiyo usiiweke mahali utakapoitazama jioni tu.

Vinka ni lile ua la petali tano, jeupe au la waridi, linaloota hata kwenye nyufa za kuta. Asili yake ni Madagaska, na ndani yake ndimo zilimopatikana dawa mbili za saratani, vinkristini na vinblastini. Hiyo ni kazi ya maabara. Mmea wenyewe ni sumu ukiliwa, kwa mtu na kwa mbuzi. Kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa, uweke mahali pa juu.

Bogenvilia: majani mengi, rangi hakuna

Hili ndilo lalamiko kubwa la wenye nyumba, na karibu mara zote sababu ni kupendwa kupita kiasi. Tazama kwa karibu kile unachokiita ua la bogenvilia: zile karatasi tatu za zambarau au za machungwa ni majani yaliyobadilika rangi. Ua halisi ni kale kamrija kembamba kenye kinyota cheupe katikati. Mmea hutoa majani hayo ya rangi unapohisi ukavu unakuja. Ukiumwagilia kila siku na kuutilia urea, unakua tu. Ndiyo maana bogenvilia iliyopandwa panapomwagwa maji ya jikoni au karibu na shimo la maji machafu inapanda hadi juu ya paa bila kukupa rangi.

Kitaluni chagua mche ambao tayari una rangi, ujue unachonunua, na utazame chini ya kiriba, ule mfuko wa plastiki wa mche: mizizi ikiwa imetoboa na kuingia ardhini, itakatika ukiuinua, acha huo. Chimba shimo la sentimita 40 kila upande, mita 1 kutoka njiani kwa sababu ya miiba. Changanya udongo uliotoka na ndoo nusu ya samadi. Sasa, kwa uangalifu: mizizi ya bogenvilia ni dhaifu, na donge likivunjika mche unaweza kufa. Usivute mche kwa shina. Shusha kiriba shimoni, chana plastiki kwa wembe kutoka juu hadi chini pande mbili, uitoe kwa kuitelezesha, halafu jaza udongo. Usawa wa juu wa donge uwe sawa na usawa wa uwanja.

Mwezi wa kwanza upe mche lita 5 kila baada ya siku mbili. Mwezi wa pili mara moja kwa wiki. Ukishashika, subiri majani yalegee kidogo alasiri ndipo umwage lita 10 taratibu, kisha usiuguse tena hadi yalegee tena. Wimbi la rangi likipita na karatasi zikianza kudondoka, kata kila tawi lililochanua kwa theluthi moja. Rangi huja kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo bila kukata itahamia ncha za matawi marefu na chini kutabaki miiba mitupu. Wimbi jingine tarajia baada ya wiki 6 hadi 8.

Kivulini, kama chini ya mwembe, usichimbe. Utaumiza mizizi ya mti na mimea yako itashindwa kugombea maji. Panga vyungu vya koliasi na kaladiamu, mimea ya majani ya rangi, basi.

Kupanga rangi

Ua moja hapa na jingine pale halionekani ukiwa getini. Panda mafungu ya miche 7 hadi 9 ya rangi moja, na rangi hiyo irudie mahali pengine uwanjani. Mbele ya ukuta mweupe bogenvilia ya zambarau inawaka. Mbele ya ukuta wa tofali jekundu inapotea, hapo weka nyeupe. Na kwa kuwa watu wa pwani hukaa barazani kuanzia magharibi, maua meupe na ya njano ndiyo yanayobaki kuonekana giza likiingia, ilhali mekundu yanamezwa na kiza mapema. Vinka nyeupe mbele ya baraza na asumini chini ya dirisha: macho yamepata, pua imepata.

Maji, matandazo na wadudu

Tuta la mita 1 kwa 3 lenye zinia linatosheka na ndoo moja ya lita 20, mara 3 kwa wiki, asubuhi kabla ya saa mbili, chini kwenye udongo na si juu ya majani. Septemba ongeza iwe mara 4. Maji ya kisima yenye chumvi huunguza kingo za majani, zinakuwa kahawia na kukauka kama karatasi. Vyungu ndivyo vinavyoumia zaidi kwa sababu chumvi haina pa kwenda. Mara moja kwa mwezi pitisha maji yasiyo na chumvi, ya mvua au ya bomba, kiasi cha mara mbili ya ujazo wa chungu, yatoke chini.

Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5, ziachane na mashina kwa upana wa kiganja, la sivyo mchwa watafika hadi kwenye gome. Makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa ni mazuri zaidi, ila yaloweke na kuyasuuza mara 3 kwanza. Yaliyofukiwa ufukweni yana chumvi.

Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina la haibiskasi, fuata msafara wao. Juu utakuta vidung'ata, mabonge meupe kama pamba kwenye makutano ya majani; sisimizi wanakula utamu wao na kuwalinda. Vikiwa vichache vifute kwa pamba yenye spiriti. Vikiwa vingi, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ndani ya lita 1 ya maji, puliza jioni upande wa chini wa majani, suuza asubuhi, rudia baada ya siku 5. Dawa hiyohiyo inapunguza utitiri mwekundu, unaopenda mimea iliyofunikwa vumbi la barabarani.

Mwisho wa Septemba acha vichwa vichache vya zinia vikaukie shambani hadi viwe kahawia kabisa. Vichambue kivulini, chukua zile mbegu bapa zenye umbo la mkuki, zihifadhi kwenye bahasha ya karatasi. Kwenye plastiki zitaota ukungu. Mvua za vuli zikianza Oktoba, zirudishe tutani. Zikitoka kwenye pakiti ya chotara, rangi za kizazi hiki cha pili zitachanganyika, kwa hiyo zipande pamoja fungu moja na uchague upya zile utakazozipenda.