Baada ya kiharusi: mpime mzee kabla ya kumficha ufunguo

Wazee wengi Malindi huacha gari baada ya kiharusi bila kupimwa na mtu. Watoto huficha ufunguo, au mzee anajaribu siku moja, lori linampita kwa kasi Barabara ya Mombasa, anaogopa, na gari linabaki uani mpaka betri ife. Wengine hurudishiwa ufunguo kwa kuwa wanatembea vizuri. Hao ndio wa kuogopewa zaidi, maana mguu huweza kupona na macho yakabaki nyuma.

Kaeni uso kwa uso, kama mita moja. Akutazame puani, asihamishe macho. Tikisa kidole pembeni, upande mmoja kisha wa pili, halafu pande zote mbili kwa pamoja. Wapo wanaokiona kidole cha kushoto kikiwa peke yake, lakini vikitikiswa viwili wanataja cha kulia tu. Huyo asiendeshe. Sisi twaendesha kushoto, na huko ndiko waliko waenda kwa miguu na tuktuk inayosimama ghafla kuchukua abiria. Mezani pia utamjua: wali wa nusu ya kushoto ya sahani unabaki.

Mguu wa kulia upime gari likiwa limezimwa. Autoe kwenye mafuta aupeleke kwenye breki mara 20 bila kutazama chini. Ncha ya kiatu ikinasa chini ya pedali, arudi kwenye mazoezi ya viungo. Ukiwa dhaifu ni wa kushoto, gari la otomatiki linamwondolea klachi.

Dawa zinazolewesha, kama dayazepamu, zamhusu daktari. Aliyewahi kupata kifafa pia. Anayejidunga insulini apime sukari kabla ya kuwasha gari: ikiwa 5 mmol/L au chini yake, ale kwanza.

Uingereza dereva wa gari dogo hukatazwa kuendesha mwezi 1 baada ya kiharusi. Hata kwetu usifanye haraka kuliko hapo, na daktari akubali kwanza. Safari ya kwanza iwe Jumapili asubuhi, mitaa ya ndani, dakika 20, na mtu mwenye leseni kiti cha kushoto, karibu na breki ya mkono. Akikumbushwa jambo lilelile mara mbili, egesheni.

Akishindwa, usimnyang'anye ufunguo kimyakimya. Rudia naye kile kipimo cha vidole, mwenzi wake akishuhudia. Kisha patana na dereva mmoja wa tuktuk kwa mwezi, siku za kliniki na Ijumaa zikiwemo, na gari liuzwe mapema kabla chumvi ya bahari haijalila.