Koti la Nta Halifuliwi: Ada Nimeshalipa Mimi

Novemba yangu ya kwanza Newcastle nilinunua koti la mvua kwenye duka la mtumba la hisani, pauni 35. Pamba nzito iliyotiwa nta, kijani iliyokolea, kola laini ya kahawia, na mfukoni tiketi ya basi ya mwenyewe wa zamani. Lilikuwa linanuka. Si uvundo, ni harufu ya mafuta ya taa, mbwa na kabati la bibi kwa pamoja. Sasa sisi tumelelewaje? Mtumba hauvaliwi mpaka uonje maji ya moto na sabuni. Nikampigia mama Tanga, naye akasisitiza: "Loweka usiku kucha, mwanangu, hujui alilivaa nani." Mama hana kosa, hilo koti hajawahi kuliona. Mwenye kosa ni mimi niliyekuwa nimelishika mkononi, nikahisi linavyonata, na bado nikalitia kwenye mashine ya kufulia, nyuzi 60, sabuni ya unga ya kutosha foronya za hosteli nzima.

Lilitoka limelegea kama kitambaa cha kufutia meza, limepauka, kila palipokuwa na mkunjo pana mchirizi mweupe. Hiyo ilikuwa nusu ya hasara. Nta iliyotoka kwenye koti haikwenda na maji, ilihamia kwenye ule mpira wa mlangoni na ndani ya pipa la mashine. Mwenzangu wa nyumba, muuguzi, akafua sare zake usiku uleule bila kujua. Asubuhi zina madoa ya mafuta kama za fundi gereji. Tulipohama, wakala wa nyumba akakata pauni 90 kwenye dhamana yetu. Ndiyo, najua kwamba Uingereza dhamana ya pango lazima iwekwe kwenye mfuko wa ulinzi ndani ya siku 30, na kwamba ukikatwa unaweza kulalamika huko bila kulipa. Nililalamika. Wakala akatoa picha za mpira wa mashine. Nikanyamaza.

Kwa hiyo narudia, na nitarudia tena: koti la nta halifuliwi. Halifuliwi kwa mashine, halifuliwi kwenye beseni, haliguswi na maji ya moto, haligusi sabuni, hata ile ya kipande unayoiita laini. Halipelekwi drai klina. Haliingii mashine ya kukaushia. Halipigwi pasi. Usilitandaze juu ya hita ya ukutani eti likauke upesi, nta italainika na kushuka, utaikuta kwenye rangi ya ukuta wa mwenye nyumba, na hapo tutarudi kwenye hadithi ya dhamana.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja niliyemkuta msikitini South Shields, mji wa bandari kando ya hapa, ambako mabaharia wa Yemen waliweka makazi tangu enzi za meli za makaa ya mawe. Makoti ya kuzuia mvua yanauzwa mjini humo tangu 1894, duka la John Barbour lilipofunguliwa kwa ajili ya mabaharia na watu wa bandarini. Akaliangalia langu, akacheka, akaniuliza: "Kwenu majahazi mnayafua?" Babu yangu wa Pangani angeona aibu kwa niaba yangu. Jahazi hupakwa deheni (mafuta ya wanyama na chokaa) chini na sifa (mafuta ya papa) ubavuni, msimu kwa msimu, na hakuna aliyewahi kulisugua kwa sabuni ili linukie. Turubai la lori je? Nani kwenu analoweka turubai? Koti hili ni turubai lenye vifungo. Zamani mabaharia walipaka matanga mafuta ya kitani, yakawa yanageuka manjano na kukakamaa kwenye baridi, ndipo nta ikachukua nafasi. Kinachozuia maji ni hiyo nta iliyoingia kwenye nyuzi. Ukiitoa, umebaki na shati zito.

Kusafisha kwenyewe ni jambo la dakika kumi. Acha tope likauke, lipanguse kwa brashi laini, kisha futa kwa sponji na maji baridi. Ndani, bitana na mifuko, vilevile. Lining'inize penye hewa. Harufu? Siku kavu yenye upepo, litundike nje kutwa nzima, kivulini. Itapungua, haitaisha, utaizoea.

Mara moja kwa mwaka, au ukiona mabega yanalowa badala ya matone kuteleza, unalipaka nta upya. Weka kopo la nta ndani ya sufuria ya maji ya moto mpaka nta iyeyuke, paka kwa kitambaa ukizunguka, kaza kwenye mishono, epuka kola na ndani ya mifuko, pitisha draya ya nywele ili nta isambae, litundike usiku kucha mbali na nguo nyingine. Kopo la mililita 200 linatosha koti moja. Ila usiruke nilichoruka mimi: langu lilikuwa na mabaki ya sabuni, nta mpya ikagoma kushika, na mvua ya kwanza ikapita mabegani moja kwa moja mpaka fulana ya ndani. Sabuni inakaribisha maji. Suuza kwa maji baridi mpaka povu liishe kabisa, likauke siku kadhaa, ndipo upake.

Ukilihifadhi kiangazi, usilifunge kwenye mfuko wa nailoni. Nyumba za huku zina unyevu, ukungu utaota juu yake.

Wenyeji nao ni watu wa ajabu. Kwetu nguo iliyochanika kiwiko ni ya shamba. Huku mwenye shamba na farasi ndiye anayevaa koti lililochanika, tena kwa majivuno, na anayevaa jipya linalong'aa anaangaliwa kama mgeni. Malkia Elizabeth mwenyewe alilivaa akiwa na mbwa zake, na kampuni ya Barbour ikapata kibali chake cha kifalme, yaani ruhusa ya kujitangaza kuwa inamuuzia, mwaka 1982. Mimi naona ni ubahili uliopewa heshima, lakini nakiri ni ubahili wenye akili: wanashona, wanapaka, wanamrithisha mtoto.

Ndugu zangu wa Dar mnaoomba niwaletee "lile koti la kifalme", nawapenda, lakini fikirini. Ikifika Februari, nta italainika mtaani Kariakoo na kumpaka kila aliyeketi jirani yako kwenye daladala. Mwenye shemeji Njombe au Limuru, tuongee.

Jambo la mwisho ni lebo, maana si kila pamba ya kuzuia mvua ni ya nta. Alama ya beseni iliyopigwa msalaba maana yake usifue, mduara wenye msalaba usipeleke drai klina, mraba wenye mduara ndani uliopigwa msalaba usitie mashine ya kukaushia. Kuna vitambaa vilivyochanganywa na polista, vikiwa na nta nyepesi tu, ambavyo lebo inaruhusu mashine kwa nyuzi 40, unapaka nta tena baadaye. Kuna pia Ventile, pamba isiyo na nta kabisa, iliyobuniwa Manchester kwa ajili ya marubani wa vita vya pili. Nyuzi zake huvimba zikilowa na kuziba maji zenyewe. Hiyo inafuliwa, kwa sabuni ya nguo za mvua, si ya unga. Lebo ikiwa imekatwa, kama ya mtumba wangu, shika kitambaa: kikinata na kuacha harufu kwenye vidole, ni cha nta.

Ukilishona kiraka, paka nta juu ya mshono siku hiyohiyo. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji.