Jinsi ya kupima presha nyumbani ukiwa na mimba

Kama kliniki wamekuambia mimba yako inahitaji kuangaliwa kwa karibu, pengine ni mapacha ama presha ilikusumbua mimba iliyopita, nunua mashine ya kufunga juu ya kiwiko, sio ile ya kifundo cha mkono, alafu siku ya kliniki uibebe walinganishe na yao.

Usipime ukitoka tu kupanda ngazi. Enda choo kwanza, kaa kwa kiti chenye mgongo dakika 5, miguu chini bila kuipishanisha, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usiongee, hata simu iache ilie. Pima mara 2 ukiacha dakika moja katikati, andika zote na tarehe ndio daktari aone vile zinaenda.

Ikifika 140/90, yaani namba ya juu 140 ama ya chini 90, hata moja tu, enda kliniki siku hio hio, usingoje tarehe yako. Ikifika 160/110 hio ni emajensi, toka hata kama ni usiku, iwe Pumwani ama Kenyatta ama hospitali yoyote kubwa iko karibu. Na tafadhali dada yangu, kichwa kikiuma na hakiachi, macho yakiona ukungu, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso ukivimba ghafla, enda tu hata kama mashine inasema uko sawa, kwa sababu kifafa cha mimba kinaua mama na mtoto.

Ukishajifungua usiweke mashine kando, presha inaweza kupanda hata wiki kadhaa baadaye.