Kubadilishana Mbegu za Mboga kwa Posta: Mwongozo kwa Wenye Bustani za Nyumbani

Mwenye bustani ya uani akiuacha mmea mmoja wa mchicha ukomae, huvuna mbegu ambazo hawezi kuzimaliza peke yake, kwa kuwa gramu moja tu ya mbegu hizo ina punje zaidi ya elfu moja. Wakati huohuo huenda amehangaika misimu miwili akitafuta mgagani wa shina la zambarau, ilhali mwenzake wa mkoa mwingine anauona ukijiotea kando ya zizi la mbuzi. Watu hawa wawili wanaweza kukutanishwa na bahasha. Nimeratibu ubadilishanaji wa namna hii hapa Tanzania kwa misimu kadhaa, na nimeona kwamba sehemu kubwa ya kazi humalizika kabla bahasha ya kwanza haijatumwa.

Jambo la kwanza ni kumchagua mratibu mmoja ambaye mbegu zote zitapitia kwake. Watu 12 wakiamua kutumiana moja kwa moja, kila mmoja ataandika barua 11, na jumla yake ni barua 132. Zikipitia kwa mratibu ambaye naye ni mmoja wao, barua 11 zinaingia na 11 zinatoka, basi. Kila mshiriki anatuma aina mbili za mbegu anazozifahamu vizuri, kila aina ikiwa katika pakiti 11, na mwishoni anapokea pakiti 22 kutoka kwa wenzake. Sishauri kuzidi watu 15, kwani meza ya kuchambulia hujaa na makosa huanza hapo.

Gharama ya kurudisha bahasha ndiyo huleta manung'uniko, hivyo ikubaliwe mapema. Mratibu atengeneze bahasha ya mfano yenye pakiti 22, aipeleke dirishani posta ipimwe uzito, kisha awajulishe wenzake kiasi kamili. Zamani nilidai kila mtu aweke ndani bahasha ya pili yenye anwani yake na stempu. Siku hizi napokea fedha ya stempu kwa simu, lakini bahasha yenye anwani bado naidai, kwa sababu mwandiko wa mwenyewe haukosei namba ya sanduku lake. Wengi wetu hatuna sanduku binafsi na hutumia la shule, la ofisi au la parokia. Mshiriki wa namna hiyo aandike jina lake kamili, neno "kupitia" na jina la mwenye sanduku, kisha amtaarifu anayeshika ufunguo. Bahasha yangu moja ilikaa miezi miwili katika droo ya ofisi fulani kwa sababu hakuna aliyelitambua jina lililoandikwa.

Ratiba ifuate mvua. Kwa maeneo yenye vuli inayoanza Oktoba, mimi hutangaza mwezi Juni, wakati mboga nyingi zinaelekea kukomaa, napokea bahasha hadi mwisho wa Agosti na kuzirudisha kabla ya katikati ya Septemba.

Kuhusu mbegu zenyewe, kanuni isiyo na mjadala ni kwamba chotara, yaani zile zilizoandikwa F1 kwenye pakiti ya dukani, hazibadilishwi, kwa sababu kizazi chake cha pili hutawanyika na hakuna anayeweza kusema kitazaa nini. Nyanya aina ya Tengeru 97, kwa mfano, haina tatizo hilo kwa kuwa si chotara. Baada ya hapo, uangalifu unategemea namna mmea unavyochavushwa. Kunde, maharage na nyanya hujichavusha zenyewe kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo anayeanza aanze na hizo. Bamia na pilipili huchanganywa na wadudu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na mchicha huchanganywa na upepo, kwa hiyo mwenye aina mbili za mchicha zilizotoa maua kwa wakati mmoja aseme hivyo. Jamii ya maboga inahitaji ukali zaidi. Mumunye na kibuyu ni spishi moja. Nyuki akitembelea maua ya vyote viwili, mbegu zitakazopatikana zinaweza kuzaa mamumunye machungu, na uchungu huo una sumu, haufai kuvumiliwa mezani. Mimi sipokei mbegu za mumunye isipokuwa mwenyewe ameyafunga maua jioni kabla hayajafunguka na kuyachavusha kwa mkono.

Mbegu zikaushwe vizuri kuliko zinavyokaushwa kwa kawaida. Za nyanya zivundikwe na maji yake siku mbili au tatu hadi ute utoke, zisuuzwe, kisha zianikwe kivulini juu ya sahani na si juu ya karatasi, kwani zitaganda. Za mnavu na nyanya chungu hupondwa na kuoshwa hadi nyama iondoke. Mbegu iliyokauka vya kutosha huvunjika inapokunjwa au hukataa kuingia jino. Ikiinama, bado ina maji. Ni kanuni ya zamani ya wataalamu wa hifadhi ya mbegu kwamba kila unyevu unapopungua kwa asilimia moja, uhai wa mbegu huongezeka takriban mara mbili. Mchele uliokaangwa bila mafuta hadi ukawa kahawia, ukapoa na kuwekwa pamoja na mbegu ndani ya chupa iliyofungwa, hunyonya unyevu huo vizuri sana.

Kunde na maharage yana adui wa ziada. Msimu mmoja nilifungua bahasha nikakuta unga mweupe, matundu na fukusi wanaotembea, na wengine walikuwa wamekwisha kuingia kwenye pakiti za jirani. Tangu hapo mikunde yote iliyokwisha kukauka hukaa kwenye friza juma moja ndani ya chupa iliyofungwa, na chupa hufunguliwa tu baada ya kurudia joto la chumba, ili mbegu zisilowe kwa umande.

Kabla ya kutuma, kila mmoja azijaribu punje 20 ndani ya kitambaa chenye unyevu. Zikiota chini ya 14 kwa siku saba au kumi, asizitume. Hata hivyo, jaribio hili linaweza kumdanganya mwenye mgagani, kwa kuwa mbegu zake mpya hulala miezi kadhaa baada ya kuvunwa ingawa ni nzima. Atume zile za msimu uliopita.

Maelezo ya juu ya pakiti nayapa uzito kuliko wingi wa mbegu. Jina peke yake halitoshi, kwa sababu mlenda wa mtu wa Dodoma unaweza kuwa mmea tofauti kabisa na mlenda wa mtu wa Tanga. Pakiti iandikwe jina la Kiswahili na la lugha ya nyumbani, mahali na mwezi ilipovunwa, rangi ya shina na ya ua, na namna mboga hiyo inavyoliwa pale ilipotoka. Pakiti moja iliyonifurahisha iliandikwa: "Kunde za majani, hutambaa, chuma kabla haijatoa ua, pika na karanga." Nilijua papo hapo niipande wapi.

Pakiti ikunjwe kwa karatasi, si nailoni, na kingo zake zibandikwe kwa gundi ya karatasi kwa sababu mbegu za mchicha hupenya kwenye mkunjo wowote. Pakiti zote ziwekwe kati ya vipande viwili vya boksi, zikiachwa mbali na kona ya juu kulia, ambako stempu hubandikwa na muhuri wa posta hugongwa kwa nguvu. Nimewahi kupokea bamia iliyogongwa hivyo. Ilikuwa imebaki chenga.

Mratibu apange bahasha za kurudisha mezani kama safu ya sahani, agawe aina moja hadi iishe ndipo ashike nyingine, na aweke alama daftarini kila pakiti inapoingia. Bahasha yenye ukungu au wadudu ikae nje ya chumba hicho.

Kwa upande wa sheria, kilimo si suala la Muungano, hivyo anayetaka kuwashirikisha watu wa Unguja na Pemba aulize kwanza mamlaka za huko. Mbegu zinazovuka mpaka wa nchi, hata kijiko kimoja kwa shangazi aliye Nairobi, huhitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho kwa Tanzania hutolewa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kwa sababu hiyo mzunguko wetu unabaki ndani ya nchi. Aidha, hakuna anayeuza, kwani mbegu zinazoingia sokoni zinasimamiwa na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 na kuthibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayosimamia ubora wa mbegu.

Pakiti zinazobaki mimi huzihifadhi katika kopo la bati lenye mchele mkavu hadi Januari, kwa ajili ya aliyechelewa na yule ambaye bahasha yake ilipotea njiani.